Pasi inanata, inachafua nguo au imeshika ukoko: anza hapa kabla hujakimbilia stilwaya

Mi nanyoosha nguo za watu hapa Kirumba, Mwanza, meza mbili pasi tatu, na haipiti wiki bila mtu kuja na pasi yake kaifunga kwenye kanga ka mtoto mgonjwa anauliza "fundi hii inatokaje?" Mi sio fundi, mi dobi tu, ila nimeshaona pasi nyingi. Na nyingi ukizigeuza unakuta ukoko ulikuwa mdogo tu, kilichoharibu ni stilwaya na kisu alichotumia mwenyewe jana yake, sa hivi kitako kina mifereji na ukoko mpya utashika humo humo kwenye mifereji.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba ukoko wa pasi sio wa aina moja. Kuna wa stachi, kuna wa sabuni, kuna wa plastiki, kuna wa kitambaa kilichoungua, kuna chokaa ya maji, kuna kutu na masizi kwa wenye pasi ya mkaa. Dawa ya huyu inaweza ikawa sumu ya yule. Kwa hiyo usianze kusugua, anza kuangalia.

Kwanza kabisa, kwa kila tatizo

Chomoa plagi. Sio kuzima swichi, chomoa, na iache ipoe nusu saa au zaidi, maana kitako kinatunza joto muda mrefu kuliko unavyodhani na kikiwa cha moto hakibadiliki rangi kukuonya. Usiizamishe kwenye beseni hata iwe chafu vipi, humo ndani kuna umeme wa volti 230 na ukishaingiza maji hutojua yamekauka lini.

Afu ipeleke mwangani uangalie kitako ni cha nini. Kikiwa cheusi au kijivu cha giza na kinateleza ka kikaango kisichoshika, hicho kina Teflon. Kinachong'aa ka kijiko ni stili. Kijivu cha kupauka na pasi yenyewe nyepesi, mara nyingi ni alumini. Kuna vya seramiki, vinang'aa ka sahani ya chai. Teflon na seramiki havitaki chumvi, havitaki msasa, havitaki chuma cha aina yoyote, unatumia kitambaa na mti basi. Stili na alumini vinavumilia kidogo.

Na zile nukta kwenye kidude cha kuzungusha sio mapambo. Nukta moja ni kama nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Nailoni iko kwenye moja, polyester na sufi kwenye mbili, pamba na kitani kwenye tatu. Ukishika hesabu hiyo nusu ya matatizo huko chini utayajua kabla hayajatokea.

Pasi inanata, haitelezi, inavuta nguo

Hili ndo linaongoza. Mtu anasema pasi "imekuwa nzito", kumbe uzito ni ule ule.

Sababu namba moja ni stachi. Januari shule zikifungua na mashati meupe yakianza kuja, pasi zote zinaanza kunata. Watu wanapulizia stachi na papo hapo wanaweka pasi juu, nguo bado inameremeta maji, ile stachi badala ya kuingia kwenye kitambaa inaganda kwenye chuma na kuungua. Wale wanaopika wenyewe wanga wa muhogo ndo zaidi, wasipochuja vizuri yale mabonge madogo yanakaangika kabisa. Utaitambua: ni utando wa njano au kahawia, unafanana na sukari iliyoungua kwenye sufuria, na ukiugusa na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu baada ya dakika moja unaanza kuteleza. Ukiteleza hivyo basi ni stachi, furahi, ndo ukoko mrahisi kuliko wote.

Inayofuata ni sabuni. Hii naiona sana kwa watu wanaokaa juu kwenye mawe, ukishapandisha ndoo kichwani mpaka Mabatini huko juu huwezi kusuuza mara tatu, unasuuza mara moja unaanika. Siwalaumu. Ila sabuni ya unga inabaki kwenye kitambaa, nguo ikikauka inakuwa ngumu kidogo na ukiipiga pasi ile sabuni inayeyuka inashika kitakoni. Kipimo chake: chukua nguo iliyokauka, lowesha kona moja kwenye kikombe cha maji safi, kamua. Maji yakitoa povu au yakiwa na weupe, sababu umeipata na sio pasi.

Baada ya hapo kuna zile dawa za kulainisha na kunukisha nguo zikizidishwa, kuna pafyumu iliyopulizwa kwenye kola, kuna mafuta ya mwili kwenye kola na vikwapa. Nguo inaonekana safi lakini mafuta yapo. Mara chache zaidi unakuta ni nailoni imeyeyuka kidogo sana ambayo macho hayaoni ila kidole kinaisikia, hiyo nenda sehemu ya plastiki.

Kuitoa: pasi ikiwa imechomolewa na iko vuguvugu tu, yani unaweza kuweka kiganja bila kuruka, futa na kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji na kukamuliwa. Mara nyingi inaishia hapo. Isipotoka, weka siki nyeupe kwenye kitambaa, kikunje, laza pasi juu yake dakika kumi afu futa. Isipotoka tena, vijiko viwili vya bekingi soda na kimoja cha maji, uji mzito, paka sehemu yenye ukoko tu, subiri dakika chache, futa na kitambaa chenye maji mpaka weupe wote uishe. Bekingi soda, sio bekingi pauda, na sio magadi, magadi yanakwaruza na yanakula alumini. Kwenye pasi ya mvuke usiujaze uji huo kwenye matundu, utakuwa umetoa tatizo moja umeingiza lingine.

Dawa ya meno inafanya kazi pia, ile nyeupe ya kawaida isiyokuwa na chembechembe, ni kwa vile ina unga laini unaosugua. Unapaka, unasugua na kitambaa, unafuta. Kwa Teflon sugua kwa mkono wa huruma.

Ukimaliza yoyote kati ya hizo, washa pasi na uipitishe juu ya kitambaa cheupe cha zamani mpaka kitambaa kisichukue rangi. Usiruke hatua hii. Mi niliiruka mara moja, kanzu ya Ijumaa ya mzee wa watu ikapata mstari wa njano kifuani, nikaifua upya usiku na kuikausha na feni.

Kuhusu mshumaa. Wengi wanapaka mshumaa pasi ikiwa ya moto ili iteleze na kweli inateleza, mama yangu alifanya hivo na mi nafanya. Lakini unaufunga mshumaa kwenye kitambaa kwanza, unapitisha haraka, afu unafutia kwenye tambara mara tatu nne, maana nta ikibaki inaingia kwenye shati na kuacha doa la mafuta. Na kama pasi yako ina matundu ya mvuke achana nao kabisa.

Inateleza vizuri ila inaacha alama za kahawia au nyeusi

Hapa fanya kipimo kabla ya kugusa kitako. Tandika kitambaa cheupe, piga pasi bila mvuke. Afu kama ni ya mvuke, piga tena na mvuke. Alama zikija kwenye mvuke peke yake, uchafu uko ndani kwenye tangi, nenda huko chini. Zikija bila mvuke, endelea hapa.

Kinachotokea zaidi ni nyuzi za nguo zilizoungua na kushika pembeni. Watu wanasafisha katikati kunang'aa ka kioo, pembeni kule chuma kinapokutana na plastiki ya pasi kumejaa vumbi la nguo lililoungua, na kila ukikunja kona ya kola linadondoka kipande. Chukua kijiti cha meno, zungushia pamba yenye siki, pitisha mpaka mwisho kuzunguka kitako chote. Utashangaa kinachotoka humo. Kwenye pasi yangu ya kwanza kilitoka kitu ka uzi mweusi mrefu ka kidole, nahisi kilikuwa humo miaka miwili.

Cha pili ni kitambaa kilichoungua na kubaki ka muhuri, ile alama nyeusi ngumu inayotokea umeacha pasi juu ya nguo umeenda kupokea simu. Hii siki na soda zinaipunguza tu. Kwa stili na alumini unaweza kutumia chumvi: mwaga chumvi laini juu ya gazeti kavu, pasi iwe ya moto bila mvuke, isugue juu yake ka unanyoosha, chumvi itabadilika rangi, rudia. Ukimaliza chomoa, ikipoa futa chumvi yote na kitambaa chenye maji afu kikavu, maana chumvi ikibaki inakula alumini.

Na kuna ile ya kidonge cha parasetamo ambayo kila mtu ananiuliza. Ndio inafanya kazi. Pasi iwe ya moto, unashika kidonge na koleo na sio na vidole, unakisugua kwenye alama, kinayeyuka kwenye kama nyuzi 170 na kinalainisha kile kilichoungua, afu unafuta haraka na tambara kavu la pamba. Ila kinatoa moshi wa kukereketa koo, kwa hiyo fanya nje au dirishani, usoni pawe mbali, na watoto wasiwepo kwa sababu mbili, pasi ya moto na vidonge. Kidonge kikiyeyuka kikawa kifupi kitupe, usijaribu kukimaliza, hapo ndo watu wanaungua. Mi naitumia mwisho kabisa, baada ya hizo nyingine zote kugoma.

Plastiki au nailoni imeyeyuka na kuganda

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo wanapoharibu zaidi.

Toka Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tunatumia mifuko mbadala, na ile mifuko inaonekana ka kitambaa. Sio kitambaa. Ni plastiki iliyotengenezwa ionekane ka kitambaa, mingi inayeyuka kwenye kama nyuzi 160, na pasi yako kwenye nukta tatu iko 200. Dada mmoja wa Igogo alinunua suruali ya mtumba soko la Mlango Mmoja, ya sufi nzuri kabisa, akasikia kwamba suruali ya namna hiyo unaweka kitambaa juu ndo unapiga pasi isipate mng'ao. Ushauri wenyewe sahihi kabisa. Akaangalia pembeni akaona mfuko mbadala wa bluu alioletea suruali yenyewe, akaulaza juu. Alivyoinua pasi mfuko ulikuja nao, una tundu la umbo la pasi katikati, na lile tundu lote liko kitakoni linanuka. Suruali ilipona, bahati. Pasi aliikwangua na kisu cha samaki, ndo akaniletea.

Kwa hiyo sababu kwa mpangilio: ya kwanza ni maandishi na namba kwenye jezi na fulana, watu wanapiga pasi juu ya maandishi badala ya kuigeuza nje ndani. Ya pili nguo za nailoni na zile zenye kung'aa zikipigwa kwenye moto wa pamba, bitana za ndani za koti zikiwemo, nje ni sufi ndani ni kitu kingine. Ya tatu ni mifuko, ka huyo dada. Mwisho vifungo, zipu za plastiki na ule utepe wa mkononi wanaovaa watoto.

Kuitoa: usiongeze moto ukidhani itaungua iishe. Itatoa moshi mbaya na itazidi kushika. Kuna njia mbili, chagua kulingana na plastiki ilivyo.

Ikiwa ni utando mwembamba, washa pasi kwenye moto wa chini kabisa mpaka plastiki ianze kulainika, chomoa plagi, afu sukuma na mwiko wa mti ukianzia pembeni kuja katikati. Futa mwiko kila mara, vinginevyo unaipaka upya. Ikianza kuwa ngumu, chomeka tena kidogo, chomoa, endelea. Sukuma na mti, usikwangue na chuma. Ikibaki kivuli tu, ipitishe ikiwa ya moto kwenye kipande cha jinzi kuukuu au taulo bovu, mara nyingi, kila mara sehemu mpya ya taulo.

Ikiwa ni bonge nene, baridi ndo dawa. Pasi ikiwa imechomolewa na imepoa, weka vipande vya barafu kwenye mfuko usiovuja au sinia la bati na ulaze kitako juu yake, dakika ishirini hivi, plastiki itakuwa ngumu na kuvunjika ka kioo, unaibandua na ukingo wa mwiko. Kausha pasi vizuri kabla ya kufikiria kuichomeka.

Kile kinachobaki kabisa unaweza kukifuta na asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, lakini hii inawaka moto haraka sana hata mvuke wake tu. Pasi iwe baridi kabisa, plagi imechomolewa, dirisha wazi, hakuna jiko linalowaka karibu, na isiguse mwili wa plastiki wa pasi maana inaulainisha. Ukimaliza acha pasi saa nzima hewani kabla ya kuwasha. Ka huna uhakika na hapo ulipo, acha hicho kivuli kikae, hakiui mtu.

Pasi ya mvuke inatema maji ya kahawia, vipande vyeupe au matone

Matone ya maji safi kwanza, maana ni rahisi: moto ni mdogo. Mvuke unahitaji joto la kutosha, chini ya nukta mbili maji hayageuki mvuke yanashuka yalivyo. Ongeza moto, subiri taa izime, basi.

Vipande vyeupe vya ka unga wa chaki ni chokaa ya maji. Maji ya ziwa lenyewe hayana chumvi nyingi, kwa hiyo maji ya bomba hapa mjini yanaacha chokaa kidogo, wanaoumia ni wanaotumia maji ya visima. Kuangalia maji yako yakoje, angalia ndani ya birika, likiwa na ganda jeupe basi na pasi yako inalo.

Maji ya kahawia mara nyingi yanatokana na maji yaliyochotwa moja kwa moja ziwani. Maji ya ufukweni yanaonekana masafi kwenye ndoo lakini yana ule ukijani na tope laini, ukiyapasha ndani ya pasi vinaungua na kutoka na mvuke ka chai. Nyingine ni mtu kuweka pafyumu au dawa ya kulainisha nguo kwenye tangi, usifanye hivyo hata siku moja. Mwisho kabisa ni kutu ya ndani, inayotokana na kuhifadhi pasi na maji humo miezi.

Kusafisha: jaza maji safi mpaka alama ya juu, washa moto wa mwisho, subiri taa izime, iwake, izime tena. Chomoa. Ishike juu ya beseni kitako kikiangalia chini na bonyeza kile kitufe cha kujisafisha, itikise mbele nyuma mpaka maji yaishe. Mikono iwe mbali na usiinamie kuchungulia matundu, mvuke huo unachuna ngozi. Rudia mara mbili tatu. Matundu yenyewe yachokonoe na pamba ya masikio, pasi ikiwa baridi, sio na sindano.

Isipotosha, changanya nusu siki nyeupe nusu maji, fanya hivyo hivyo, afu maji matupu mara mbili mpaka harufu iishe. Soma kwanza karatasi ya pasi maana baadhi ya watengenezaji wanakataza siki, mipira ya ndani haiipendi. Ndimu usiweke, inabaki na sukari na nyama zake ambavyo vitaungua humo na utakuja kuuliza tena kwa nini mvuke ni wa kahawia.

Baada ya hapo tumia maji yaliyochemshwa, yakatulia usiku kucha na kuchujwa na kitambaa. Maji ya mvua nayo mazuri ila sio ya mvua ya kwanza, hayo yameosha vumbi la bati lote. Na kila ukimaliza kunyoosha mwaga maji yaliyobaki.

Pasi ya mkaa: masizi, majivu na kutu

LUKU ikiisha usiku au umeme ukikatika kila mtu anakumbuka ile pasi ya jogoo iliyoko uvunguni. Inatoka na kutu, kwa sababu ilihifadhiwa na majivu ndani, na majivu yanavuta unyevu, na huku ziwani unyevu hauna likizo.

Kutu ya juu juu unaisugua na msasa laini ikiwa baridi, hapa msasa ruksa maana ni chuma kitupu. Futa vumbi, jaza mkaa uliokwisha kukolea, ikipata moto ipitishe juu ya jani bichi la mgomba mara kadhaa. Ile nta ya jani ndo inayoifanya iteleze na hakuna dukani kinachoishinda. Afu futia kwenye tambara, maana jani linaacha ukijani mwanzoni.

Masizi kwenye nguo yanatokana na mkaa uliowashwa na mafuta ya taa au vipande vya plastiki, au mkaa ambao haujashika vizuri. Washa mkaa pembeni kwenye jiko, ukishakuwa mwekundu bila moshi ndo uhamishie. Majivu yakitoka kwenye matundu, usipulize ukiwa juu ya nguo, toka pembeni. Na usinyooshee chumbani umefunga milango, hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu akiwa anadhani ana usingizi tu. Ukisikia kichwa kinauma au kizunguzungu acha hapo hapo, toka nje.

Kitako kinabanduka maganda

Ka Teflon inatoka maganda hakuna kusafisha hapo. Usimalizie kuibandua na msasa, badilisha pasi au itumie na kitambaa cha pamba juu ya nguo mpaka upate nyingine.

Umesafisha vizuri, kesho ukoko umerudi

Ka umebadilisha maji, umesuuza nguo, stachi umepunguza na bado kila siku inaunguza, shuku themostati, kile kifaa kinachokata moto. Kipimo hakihitaji fundi. Weka nukta moja, isimamishe, iangalie taa. Ndani ya dakika chache inatakiwa izime, afu iwe inawaka na kuzima yenyewe. Ikikaa imewaka moja kwa moja, chomoa. Kipimo kingine, ikiwa bado kwenye nukta moja dondoshea tone moja la maji kitakoni kwa kidole: likitandaa na kuchemka taratibu, sawa. Likiruka na kukimbia ka shanga, hiyo nukta moja sio nyuzi 110 tena, iko huko 200, na ndo maana kila nailoni unayogusa inayeyuka.

Hapo ndo mwisho wa kazi yako na yangu. Usifungue pasi mwenyewe. Vile vile acha na uipeleke kwa fundi umeme ukiona chochote kati ya hivi: inakutekenya mkono ukiigusa hata kidogo tu, waya umechunika unaona nyaya za ndani hasa pale unapoingia kwenye pasi, plagi inapata moto au imeungua rangi, inanuka waya ulioungua, au ukiichomeka umeme wa nyumba nzima unakata. Fyuzi ya plagi ikiungua usiweke kipande cha waya badala yake, na usikate mguu wa juu wa plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili, huo mguu ndo eathi, ndo unaokukinga kitako kikipata umeme.

Ukimpelekea fundi mwambie kila ulichokipaka na kila ulichoingiza kwenye tangi, siki, soda, asetoni, asianze kubahatisha. Na mwambie aijaribu kwenye nukta moja mbele yako, taa izime mkiwa mnaiangalia wote wawili, ndo ulipe.